Klabu ya sataranji shule ya msingi: kutoka ubao wa kwanza hadi shindano la raundi tano

Kila muhula unapofunguliwa walimu wenzangu huniuliza maswali yale yale. Vifaa napata wapi? Watoto wa darasa la pili wataweza? Nikiwa na watoto 24, nani acheze na nani? Nimeona niyajibu hapa kwa pamoja, hatua kwa hatua, ili mwalimu mwenye nia aweze kuanza wiki ijayo na kufika kwenye shindano lake la kwanza ndani ya muhula mmoja.

Huhitaji kuwa bingwa. Ukijua namna kila kete inavyotembea, ukabaki somo moja au mawili mbele ya watoto, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Jambo ninalokusihi kulishika tangu mwanzo ni hili: kila mtoto anayekuja acheze, na acheze mpaka mwisho. Mengi utakayosoma hapa chini yanatokana na hilo.

Kuhusu majina, wapo wanaosema chesi, wapo wanaosema sataranji. Mimi nitatumia sataranji, jina lililotufikia kupitia Kiarabu, shatranj. Neno mati nalo limetoka huko huko: shah mat, mfalme hana pa kwenda.

Andaa haya kwanza

- Ubao mmoja na kete 32 kwa kila watoto wawili. Anza na watoto 12, yaani mabao sita.
- Chumba chenye madawati yanayoweza kuunganishwa yakatazamana.
- Ubao wa darasa na chaki za rangi mbili.
- Daftari la mahudhurio.
- Kibali cha mwalimu mkuu, na barua kwa wazazi inayotaja siku, saa ya kuanza na saa ya mtoto kuondoka shuleni.
- Mtu mzima wa pili. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima mmoja chumbani, na mlango uwe wazi muda wote.
- Kitu cha kunywa au kula, kama mfuko unaruhusu. Robert Katende alipoanza kufundisha sataranji Katwe, pale Kampala, watoto walipewa uji. Phiona Mutesi, ambaye baadaye aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya Sataranji, alikuwa mmoja wa watoto waliovutwa na kikombe kile. Mtoto mwenye njaa hawezi kufikiri hatua mbili mbele, na saa tisa alasiri wengi wana njaa.

Saa za sataranji si lazima mwaka wa kwanza. Ukifika kwenye shindano, simu yenye programu ya saa ya sataranji inafanya kazi ile ile.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku moja na usiihamishe. Jumatano saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu, kwa mfano. Saa moja inatosha. Nimeona klabu zenye mabao mazuri zikifa kwa sababu leo ni Jumanne, wiki ijayo ni Alhamisi, wiki inayofuata kuna kikao. Watoto wakija mara mbili wakakuta mlango umefungwa, mara ya tatu hawaji. Kama huwezi kuwepo, yule mtu mzima wa pili afungue, watoto wacheze bila somo.

2. Tengeneza mabao. Ukiweza kununua, nunua yenye miraba ya sentimita 5 hadi 6; kete ndogo zaidi zinawasumbua watoto na zinapotea. Usipoweza, chukua boksi gumu, chora mraba wa sentimita 40 kwa 40, ugawe mistari 8 kwa 8 na upake rangi miraba 32 kwa kupishana. Andika herufi a hadi h chini, namba 1 hadi 8 ubavuni. Kete ni vizibo vya soda, 16 kila upande: mfalme mmoja, malkia mmoja, ngome wawili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Bandika ndani ya kila kizibo karatasi ya duara yenye mchoro, na upake upande mmoja rangi ya kucha ili weusi na weupe watofautiane. Mabao 12 yanataka vizibo 384, kwa hiyo ongea mapema na mwenye duka la vinywaji jirani. Waache watoto wachore wenyewe. Kete aliyoichora mtoto haipotei ovyo.

3. Panga ubao sawasawa. Kila mchezaji awe na mraba mweupe kwenye kona ya mkono wake wa kulia. Safu ya nyuma kuanzia pembeni: ngome, farasi, askofu, kisha malkia na mfalme katikati. Malkia hukaa kwenye rangi yake, mweupe juu ya mraba mweupe, mweusi juu ya mraba mweusi.

*Angalizo:* kosa la ubao kugeuzwa ndilo ninaloliona zaidi, hata kwenye picha za matangazo. Kabla ya kila mchezo waambie watoto waguse kona yao ya kulia na kutaja rangi yake kwa sauti.

4. Siku ya kwanza, cheza vita vya askari. Usifundishe kete zote sita kwa mkupuo. Weka askari wanane kila upande, basi. Askari huenda mbele mraba mmoja; akiwa bado hajasogea anaweza kwenda miwili. Hula kwa mshazari, mbele, mraba mmoja. Anayefikisha askari wake mstari wa mwisho kwanza ameshinda. Ndani ya dakika kumi na tano kila mtoto amecheza mchezo mzima, amejua kushinda na kushindwa, na anataka kurudia. Klabu yangu haijawahi kuwa na siku ya kwanza iliyo bora kuliko hiyo.

Hapa ndipo watoto waliozoea drafti watakapokusaidia na pia kukupa kazi. Wanajua kusubiri zamu, wanajua kula, wanajua kutega. Lakini kwenye drafti kula ni lazima, na watakuja na sheria hiyo mikononi. Waambie mapema, na urudie: kwenye sataranji kula ni hiari. Utamwona mtoto anamtoa malkia wake kumla askari kwa sababu tu kuna cha kula. Usimcheke. Muulize, "Ukimla huyu, yeye atakula nini?" Swali hilo utaliuliza mara elfu.

5. Ongeza kete moja au mbili kila wiki. Mpangilio wangu ni ngome na askofu wiki ya pili, malkia na mfalme ya tatu, farasi ya nne. Kila mara endelea na vita vya askari, ila sasa kila upande una askari wake pamoja na kete mpya. Farasi mpe siku yake peke yake: miraba miwili moja kwa moja, mmoja pembeni, na ndiye pekee anayeruka juu ya wenzake. Mpe kila mtoto farasi mmoja na askari sita waliotawanywa, awale wote kwa hatua chache awezavyo.

Fundisha pia thamani: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Watoto huzielewa haraka ukizigeuza kuwa biashara ya dukani. Umetoa tano ukapokea tatu, umepata au umekula hasara?

6. Cheki, mati, na mfalme kukwama. Hapa usiende haraka. Mfalme akishambuliwa ni cheki, na kuna njia tatu tu za kutoka: kukimbia, kuziba, au kumla anayeshambulia. Njia zote zikifungwa, ni mati na mchezo umekwisha. Mfalme haliwi wala haondolewi ubaoni.

Kukwama ni jambo jingine. Mfalme hashambuliwi, ila aliye na zamu hana hatua yoyote halali, basi ni sare. Onyesha ubaoni: mfalme mweusi yuko a8, malkia mweupe b6, mfalme mweupe mbali kabisa, zamu ya mweusi. Mweusi hana pa kwenda, wala hayuko kwenye cheki. Mweupe alikuwa na malkia mzima, sasa anagawana pointi. Mtoto aliyepoteza ushindi namna hii hulia, na ana haki ya kulia. Mfundishe kabla haijamkuta shindanoni. Fanya zoezi la mfalme na malkia dhidi ya mfalme peke yake mpaka kila mmoja apate mati bila kusaidiwa.

7. Sheria tatu zinazoachwa mpaka mwisho.

Ya kwanza ni mfalme kuingia ngomeni: anasogea miraba miwili kuelekea kwa ngome, na ngome anaruka upande wa pili wake. Masharti: wote wawili hawajasogea tangu mwanzo, hakuna kete kati yao, mfalme hayuko kwenye cheki, hapiti wala haishii kwenye mraba unaoshambuliwa. Mtoto ashike mfalme kwanza. Akianza kugusa ngome, itabidi amchezeshe ngome peke yake.

Ya pili, askari akifika mstari wa mwisho hupanda cheo, akawa malkia, ngome, askofu au farasi, hata kama malkia wa kwanza bado yupo. Weka malkia wa akiba pembeni ya kila ubao. Watoto wakigeuza ngome kichwa chini na kumwita malkia, mwamuzi atamhesabu kuwa ngome.

Ya tatu, askari aliyeruka miraba miwili akatua ubavuni mwa askari adui anaweza kuliwa kana kwamba amesogea mmoja, ila kwenye hatua inayofuata tu. Hii ifundishe kwa kuonyesha. Maelezo ya mdomo huwachanganya.

8. Adabu za mezani. Mkono kabla, mkono baada. Ukishika umecheza: kete yako uliyoigusa uisogeze, ya mwenzako uliyoigusa uile, kama hatua halali ipo. Kimya. Anayetazama hasemi, hakonyezi, hakohoi. Haya yafanye kuwa mazoea mwezi mzima kabla ya shindano, kwa sababu siku ya shindano ndipo mtoto atakaposhika, akaona kosa, akakuangalia wewe usoni.

9. Kwa shindano, usifanye mtoano. Najua ndivyo tunavyoendesha mpira na riadha, na ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Watoto 24, raundi ya kwanza ikaisha saa nne kasoro, na watoto 12 walikuwa wamemaliza siku yao. Wawili walikuwa wametoka mbali, wameletwa na mama zao, wakiwa wamevaa sare mpya za shule. Walikaa nje kwenye kivuli cha mwembe wakisubiri wenzao. Siku ile niliamua sitarudia.

Kwa watoto sita au chini ya hapo, kila mmoja acheze na kila mwenzake. Sita wana raundi tano na michezo 15. Kwa 24 hilo haliwezekani, ingekuwa michezo 276. Tumia mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza Zürich mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Kila raundi mtoto anakutana na mwenye pointi sawa naye au karibu. Raundi tano zinatosha kwa watoto 24.

10. Andaa kadi. Kila mtoto kadi moja: jina, darasa, kisha mistari mitano yenye nafasi ya mpinzani, rangi na matokeo. Kushinda pointi 1, sare nusu, kushindwa 0. Kwa raundi ya kwanza panga kadi kuanzia unayemwona mkali mpaka anayeanza, gawa katikati, kisha 1 acheze na 13, 2 na 14, hivyo hivyo mpaka 12 na 24. Namba 1 apate weupe, namba 2 weusi, ukiendelea kupishana.

11. Raundi zinazofuata. Rundika kadi kwa pointi. Ndani ya kila rundo, nusu ya juu icheze na nusu ya chini. Angalia mambo matatu kwa mpangilio huu: wasiwe wamewahi kukutana, rangi zipishane kadiri inavyowezekana, na rundo likiwa na idadi isiyogawanyika kwa mbili, mmoja wa chini ashuke rundo linalofuata.

Idadi ya wote isipogawanyika kwa mbili, mmoja wa chini kabisa anapumzika raundi hiyo na kupewa pointi moja. Hakuna anayepumzika mara mbili. Na asikae bure: mwalimu au kaka wa sekondari acheze naye mchezo wa kirafiki.

*Angalizo:* usipange raundi ya pili kabla mchezo wa mwisho wa raundi ya kwanza haujaisha. Ukikisia matokeo utavuruga kadi zote.

12. Muda. Dakika 15 kwa kila mchezaji, basi raundi haizidi nusu saa. Raundi ya kwanza saa 3:00 asubuhi, ya pili 3:40, ya tatu 4:20, uji saa 4:50, ya nne 5:20, ya tano saa 6:00 mchana. Saa 7:00 zawadi, na watoto wanarudi nyumbani jua bado liko juu. Kama saa hazipo, piga kengele baada ya nusu saa na uhesabu thamani za kete: tofauti ya 5 au zaidi ni ushindi, chini ya hapo ni sare. Hii ni sheria ya nyumbani, haipo kwenye sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kwa hiyo itangaze asubuhi kabla ya mchezo wowote.

Ukitaka tarehe yenye maana, Julai 20 ni Siku ya Sataranji Duniani, siku FIDE ilipoanzishwa Paris mwaka 1924. Likizo ya Juni inakuwa imepita na watoto wamepata muda wa kujifua nyumbani.

13. Matokeo. Watoto wakisema mati, wasiguse kete. Wanyooshe mikono, mwamuzi aje aone. Mara nyingi haikuwa mati. Njia ya kutoka ilikuwepo na hakuna aliyeiona, na mchezo unaendelea. Kisha wote wawili waje mezani pamoja kutaja matokeo. Mtoto mmoja akija peke yake, mrudishe akamlete mwenzake.

Pointi zikilingana mwishoni, jumlisha pointi za wapinzani wote wa kila mmoja. Mwenye jumla kubwa amekutana na wakali zaidi, yuko juu. Zawadi ziwe za wa juu, ndiyo, lakini toa pia kwa msichana bora, kwa mdogo kuliko wote, na cheti kwa kila aliyemaliza raundi tano. Cheti ni karatasi moja. Nimeingia nyumba za wazazi nikakikuta ukutani miaka mitatu baadaye.

Mambo yakienda mrama

*Mtoto mmoja anawamaliza wenzake kwa hatua nne.* Amejifunza kumshambulia askari wa f7 kwa malkia na askofu. Wafundishe wote dawa yake: mweupe askari e4, mweusi askari e5, mweupe askofu c4, mweusi farasi c6, mweupe malkia h5, mweusi askari g6. Malkia anarudi f3 kutisha tena, mweusi anatoa farasi f6. Wiki mbili tu, na yule aliyekuwa akitamba atalazimika kujifunza mchezo wa kweli.

*Mfalme aliachwa kwenye cheki hatua kadhaa na hakuna aliyeona.* Kama wanakumbuka hatua, rudini pale kosa lilipotokea. Kama hawakumbuki, rekebisha cheki iliyopo na mchezo uendelee. Onya mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu, aliyekosea apoteze mchezo. Tangaza hili pia asubuhi.

*Mtoto analia baada ya kushindwa.* Usimwambie anyamaze. Mpe maji, kaa naye, kisha mwombe akuonyeshe hatua moja nzuri aliyocheza. Ipo. Raundi inayofuata atakutana na mwenye pointi kama zake, mwambie hivyo.

*Mzazi anasimama nyuma ya mwanawe.* Weka kamba mlangoni na viti nje tangu saa mbili na nusu. Kumzuia mama asiingie ni rahisi, kumtoa akiwa tayari ndani ni vigumu. Mwambie kwa heshima kwamba mtoto akimwona ataangalia uso wake badala ya ubao.

*Wasichana wanapungua kadiri wiki zinavyokwenda.* Kwanza tazama saa ya kumaliza. Wengi wana kazi za nyumbani au njia ya kurudi si salama, na nusu saa inatosha kuwaondoa. Kisha tazama meza: msichana mmoja kati ya wavulana kumi na mmoja hatadumu. Waombe waje wawili wawili, na mmoja wao awe mwamuzi msaidizi mapema.

*Watoto wameongezeka kuliko mabao.* Wachezaji wanne kwa ubao mmoja, wawili kila upande, wanapishana hatua bila kushauriana. Wanapenda sana, na yule mgeni anajifunza kwa kuona hatua za mwenzake.